Siku Niliposema Matimba Yamekwisha

Kuna siku moja, Mwanangu, ambayo nikifumba macho bado naisikia kamba ya winchi ikilia. Nilikuwa msichana mwenye nguvu zangu, mpishi katika kambi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, mbele kidogo ya Buseresere. Siku hiyo nilisimama mbele ya wanaume wazima nikatamka neno ambalo halikuruhusiwa kutamkwa pale. Nilifukuzwa kwa ajili ya neno hilo. Ningerudishwa leo ningelitamka tena, na kwa sauti kubwa zaidi.

Nakusimulia kwa sababu ya simu uliyonipigia juzi. Umeanza kazi ya uuguzi kwenye hiyo zahanati yenu huko migodini, na mkubwa wako amewaagiza kwamba dawa ya malaria ya watoto ikiwa haipo, msiwaambie akina mama kuwa imekwisha. Muwaambie iko njiani, warudi kesho. Ukaniuliza, "Bibi, kuna ubaya gani? Si ni lugha ya adabu tu?" Sikukujibu kwenye simu kwa sababu nilikasirika, na mimi nikikasirika salio huniishia katikati ya sentensi. Sasa umekuja mwenyewe hapa kwangu Kambarage, umeoga, umekula. Kaa hapo nikujibu.

Masanja, kaka yangu, ndiye aliyeniita kule migodini. Pamba ilitutupa misimu mfululizo, mvua ikakataa, na kijijini kwetu tukawa tunakula michembe mchana na michembe jioni, vile viazi vikavu ambavyo ninyi siku hizi mnavila kwa karanga na kuona ni starehe. Masanja akatangulia kwenda kuchimba. Baadaye akatuma ujumbe kwamba kambini kwao anatakiwa mwanamke wa kusaidia jikoni. Nikafunga kanga zangu na sufuria moja, nikapanda basi.

Aliyenipokea ni Mama Sundi, mpishi mkuu wa kambi, Msumbwa, mjane wa mchimbaji, mama mwenye mikono mipana na sauti ya kuamrisha. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikabidhi mwiko kabla sijautua mzigo. Jioni hiyohiyo nikachungulia ndani ya gunia, nikamwambia, "Mama, unga umekwisha." Akaniziba mdomo kwa kiganja chenye majivu.

"Wewe mtoto! Hapa kitu hakiishi. Umesikia?"

"Kikiisha je?"

"Kinalala."

Basi nikaanza kufundishwa maneno kama mtoto wa darasa la kwanza. Unga ulikuwa hauishi, ulikuwa unalala. Maji yalikuwa yanasafiri. Chumvi ilikuwa inakwenda kusalimia. Betri za tochi zilikuwa zinafumba macho. Walisema dhahabu ina masikio, na ikisikia watu wanazungumza habari za kwisha, nayo hufungasha ikaenda kwingine. Wachimbaji walitoka kila upande wa nchi, Waislamu na Wakristo, wenye hirizi na wenye rozari, na kila mmoja alikuja na imani zake, lakini hii moja waliishika wote.

Nitakuambia ukweli, niliyapenda maneno yale. Yalikuwa na utani ndani yake. Ukisikia mtu mzima anasema kwa uso mkavu kwamba sukari imekwenda kusalimia, hata njaa inapungua makali. Mimi siyo adui wa lugha ya adabu, Mwanangu. Hata sisi huku nyumbani mgeni akija na sufuria ni tupu, hatumtangazii mlangoni. Tunamkaribisha, anakaa, na mtoto anatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kukopa kwa jirani. Hiyo ni adabu, maana inamsaidia mgeni.

Sheria ilikuwa kali zaidi mdomoni mwa duara. Duara ni lile shimo lenyewe, na mdomoni ni pale juu penye winchi na kamba, wanaposhukia wachimbaji. Jikoni ukiteleza ulimi utazibwa mdomo basi. Pale juu, mtu yeyote akitamka kwamba kitu kimekwisha, kitu chochote kile, ilikuwa lazima wachimbaji wote wapande. Hakuna aliyeshuka tena mpaka aliyesema atoe mbuzi mweupe, mbuzi achinjwe, na jua jingine lichomoze.

Niliona kwa macho yangu. Alikuja muuza maji mmoja wa baiskeli, mgeni, hajui hili wala lile, akasimama pembeni ya winchi akapaza sauti, "Jamani, maji ya leo yamekwisha!" Wanaume wakapanda kutoka chini mmoja mmoja, wamejaa tope, wamenuna kama wamefiwa. Yule kijana alilia. Mbuzi alipatikana, tukampika mimi na Mama Sundi, na waliokuwa wamekasirika zaidi ndio waliorudi kuomba mchuzi. Nilicheka mpaka Mama Sundi akanikemea. "Usicheke mambo ya watu," aliniambia. "Neno limewatoa watu wazima shimoni. Kamba yenyewe haina nguvu hiyo."

Mwenye duara alikuwa Bosi Jilala. Usimfikirie kuwa mtu mbaya mwenye macho mekundu. Alikuwa mpole, mtu wa salamu, anayejua jina la kila mchimbaji na jina la mtoto wake. Duara lake lilikuwa limetema vizuri kabla sijafika, yaani limetoa dhahabu ya kuonekana, na tangu hapo lilikuwa linadokoadokoa tu. Yeye aliamini litatema tena. Kila siku aliamini ni kesho.

Sasa sikiliza habari ya matimba. Matimba ni magogo wanayosimamisha ndani ya duara kuzuia kuta zisiwaangukie watu. Yalikuwa yanaletwa kwa lori, yanakatwa kwa kipimo pale juu, na vipande vinavyobaki vinaletwa kwetu jikoni viwe kuni. Kwa hiyo jikoni ndiko tulikojua habari za matimba kabla ya wengine. Mvua za masika zilipoanza, vipande vikawa vichache. Halafu vikakoma. Tukawa tunaokota vijiti vibichi porini na kupuliza mpaka macho yanavimba.

Asubuhi moja kijana wa winchi akatuletea kipande cha gogo. Nilifurahi. Nikakigeuza nikiweke motoni, nikaona kimejaa tope la zamani, lile tope jeusi la chini, na ubavuni kina alama za kamba. Hicho hakikutoka kwenye gogo jipya. Nikamuuliza kijana, naye akajibu kama mtu anayesema habari za hali ya hewa, kwamba wanang'oa matimba ya juu, wanayapunguza, wanakwenda kusimamishia chini kwenye mwamba wa dhahabu. Kilichobaki ndicho hicho.

"Na huko juu kunabaki nini?" nilimuuliza.

"Kunabaki udongo, dada."

Na Masanja alikuwa anapita chini ya udongo huo asubuhi na jioni.

Nikamfuata kaka yangu akiosha miguu. Nikamwambia nilichokiona. Akaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye mwenye shida. "Matimba yako njiani, Minza," alisema. Nikamuuliza nani amemwambia. Bosi. Bosi kaambiwa na nani? Akasugua tope la kisiginoni. Kisha akasema polepole, "Wote tunajua. Lakini nani atasema? Nikisema, kesho nashuka kwenye duara la nani?"

Nikaenda kwa Bosi Jilala. Nilimsalimu kwa adabu zote, nikapiga goti, nikamuuliza. Akatabasamu. "Binti yangu, matimba yamepungua kidogo tu. Mvua imeharibu barabara, lori liko njiani. Wewe tuangalizie mboga." Na sauti yake ilikuwa nzuri, Mwanangu, ilikuwa sauti ya mtu unayetaka kumwamini. Nilirudi jikoni nikiwa nusu nimeamini.

Mama Sundi alikuwa anachagua mchele. Nilimweleza. Hakuinua kichwa. Aliendelea kutupa mawe pembeni, akasema, "Marehemu mume wangu naye aliambiwa yako njiani."

Nikamuuliza, "Wewe ulimwambia nini siku hiyo?"

"Nilimpakulia chakula."

Yule mama alikuwa amelibeba jambo hilo miaka yote, huku akituziba midomo kwa kiganja chake na kutufundisha kwamba unga umelala. Sikumchukia. Lakini niliona waziwazi kwamba nikikaa kimya, siku moja msichana mwingine atakuja na sufuria yake, ataniuliza swali lilelile, nami nitakuwa na jibu lilelile.

Kesho yake asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Wachimbaji wa kwanza walikuwa wameshashuka, na Masanja alikuwa anajifunga kamba kiunoni tayari kuwafuata. Bosi Jilala alisimama pale na mwavuli wake, anawatania. Nikauweka mwiko chini. Nikatembea mpaka mdomoni mwa duara, na aproni yangu, na masizi yangu. Walidhani nimekuja kuuliza habari za chai.

Nikasema, "Matimba yamekwisha."

Kijana wa winchi akaachia mpini. Bosi akanigeukia. "Umesemaje?"

"Hayako njiani. Hayajapungua, hayajalala, hayajasafiri. Matimba yamekwisha!" Safari hii niliinama nikalisemea shimoni, ili walioko chini walisikie lote.

Sauti ikatoka chini, "Nani huyo?" Halafu kamba ikaanza kutikisika. Walipanda. Wale waliojua matimba hayapo na wakashuka hivyohivyo, walipanda kwa sababu ya neno. Nilikuwa nahesabu vichwa, na kila kichwa kilichotokea kilinipa nguvu ya kusimama. Masanja alifungua kamba kiunoni. Aliniangalia kama hanijui.

"Umeniaibisha mbele za watu," alisema.

Hapo ndipo ulipokuja mtihani wenyewe, na ulikuja kwa upole. Bosi Jilala alinisogelea, akashusha sauti. Hakunitukana. Alisema, "Binti, wewe ni mpishi. Najua ulikuwa unazungumzia kuni. Si ndiyo? Waambie ulikuwa unasema kuni za jikoni. Mbuzi nitamtoa mimi mwenyewe. Kesho wanashuka, wewe unabaki na kazi yako, kaka yako anabaki na kazi yake. Sema tu kuni."

Mwanangu, usidhani ilikuwa rahisi. Neno lenyewe ni dogo, kuni, na lingenirudishia kila kitu. Nyumbani walikuwa wananitegemea mimi na Masanja. Kila mtu pale alikuwa ananiombea nilitamke, hata kaka yangu, nilimwona kwa macho. Hasira ikanipanda kutoka miguuni. Yaani mtu huyu amelikopa neno langu la kweli, anataka kunirudishia la uongo, na bado nishukuru?

"Sisemi kuni," nilimwambia. "Nimesema matimba."

Halafu nyuma yangu nikasikia sauti ya kuamrisha ninayoijua.

"Hata kuni zimekwisha," alisema Mama Sundi.

Alikuwa ametoka jikoni na ungo wake wa mchele mkononi. Mama yule aliyekuwa akituziba midomo! Alisema tena, kwa utulivu, "Kuni zimekwisha kwa sababu matimba yamekwisha. Na unga ulikwisha tangu juzi, ninawapikia wa kukopa."

Mchimbaji mmoja mzee, aliyekuwa amekaa juu ya kiroba cha mawe, akakohoa. "Na hewa imekwisha kule chini," alisema. "Feni haivuti. Kuanzia saa nne tunahema kwa mdomo." Mwingine akasema kamba ya kushoto imekwisha, imebaki nyuzi. Mwingine akasema, nguvu zimekwisha. Maneno yakawa yanatoka kwa kila mtu, na watu wanaangaliana kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Nilimwona kijana mmoja analia na kucheka kwa pamoja. Hata Masanja, aliyekuwa amenigeuzia mgongo, nilimsikia akisema chini chini, "Ya juu tuliyang'oa wenyewe."

Bosi Jilala alikunja mwavuli wake. Mbuzi mmoja mweupe angemtosha mtu mmoja, lakini kambi nzima ilikuwa imesema, angemtoza nani?

Hawakushuka siku hiyo, wala iliyofuata. Walisema watashuka matimba yakisimama. Na lori likaja wiki ileile, Mwanangu, barabara ikiwa mbovu vilevile. Halikuwa njiani siku zote zile. Halikuwa limeagizwa.

Mimi nilifukuzwa, na Mama Sundi alifukuzwa pamoja nami. Tulitoka kambini na masufuria yetu kichwani, tukafika Buseresere tumelowa, tukaweka mafiga karibu na mabasi yanaposimama, tukaanza kuwapikia abiria. Hiyo ndiyo asili ya mgahawa uliomsomesha mama yako. Jioni ya kwanza Mama Sundi alinipa bakuli la chakula, akakaa karibu yangu, akasema, "Wabeja, mwanangu." Kisukuma chake kilikuwa kibovu, lakini alitaka kunishukuru kwa lugha ya kwetu. Nililia kwa sauti.

Sasa najua unataka kuniuliza kile ambacho kila mtu huniuliza. Je, duara lilianguka? Halikuanguka. Si siku hiyo, si baada ya hapo. Walichimba mpaka mwamba wenyewe ukakata, hauna tena dhahabu, wakalifukia, wakahama. Kuna watu mpaka leo wananiambia, "Unaona? Ungewaacha tu wafanye kazi." Nami nawaambia, lilisimama kwa magogo mapya. Na hata kama lingesimama bila gogo lolote, nisingejuta. Sikuhitaji maiti ya kaka yangu ili nionekane nilisema kweli. Mnataka mtu azikwe kwanza ndipo mkubali?

Kiswahili hakikutunyima maneno. Mafuta hupungua, ukaongeza. Sukari huadimika dukani, ukapanga foleni. Kisima hukauka, ukachimba kingine. Mtu huishiwa, akakopa kwa ndugu. Kila neno linampa aliyelisikia kazi ya kufanya. Na kwisha ndilo linalompa kazi kubwa kuliko yote, maana linamwambia usingoje hapa, inuka, tafuta kwingine. Ndiyo sababu wanaofaidika na kungoja kwako hawalipendi.

Kwa hiyo nikujibu swali lako. Ukiwa nyumbani kwako, mgeni akaja usiku na unga hakuna, sema umelala, mcheke pamoja, umkopee kwa jirani. Lakini mama akisimama dirishani kwako amembeba mtoto anayechemka, usimwambie iko njiani. Kesho unayompa kwa mdomo, mtoto yule huenda hana. Mwambie, "Mama, dawa imekwisha hapa," halafu mwambie ilipo, umwitie bajaji, umwonyeshe njia. Mwambie kwa upole, mshike mkono ukitaka. Adabu iwe kwenye sauti yako na kweli ibaki palepale. Na mkubwa wako akikwambia sema kuni, usiseme kuni. Huenda nyuma yako yuko mama mmoja na ungo wake, amengoja miaka mtu wa kwanza aanze.

Umemsikia babu yako Masanja anavyokohoa hapo uani? Magoti yamemwisha, meno yanafuata, lakini ulimi uko kamili. Kila Jumapili anakuja kula hapa, na kila Jumapili ananikumbusha kwamba nilimwaibisha mbele za watu. Namwambia, sawa kaka, sema. Sema tena. Nampakulia nyama nyingine ili aendelee kusema, kwa sababu napenda sana kuisikia sauti yake.

Nenda basi, Mwanangu. Mungu akupe sauti isiyotetemeka, na ikitetemeka, neno litoke hivyohivyo. Akupe mikono ya kushika kabla ya mdomo wa kusema. Watoto wa watu wapone mbele yako, na mama zao wakikukumbuka, wakutaje kwa jina zuri. Na siku ukifukuzwa kwa kusema kweli, panda basi la kwanza uje hapa Kambarage. Chakula kipo. Na kikiisha nitakwambia kimekwisha, tutawasha moto, tutapika kingine.